Corolla EE90: sailensi iko juu nikiwa Arusha, nikifika Moshi inashuka yenyewe. Naomba msaada

KorolaYaBabu – Jumatatu, saa 3:20 usiku

Wakuu, za jioni.

Nina Corolla EE90, injini ya 2E ya kabureta (kile kifaa cha kuchanganya hewa na petroli), cc 1296, gia za mkono. Ilikuwa ya marehemu babu na kwetu ilishaamuliwa kwamba haiuzwi, kwa hiyo ushauri wa kuuza naomba mbaki nao. Nakaa Sekei, kazini ni karibu na Mnara wa Saa. Hata nikikwama Sanawari, safari yangu ya asubuhi haizidi dakika kumi na tano.

Tatizo ni sailensi, yaani kasi ya injini wakati sijakanyaga mafuta. Asubuhi nikiwasha inapanda mpaka raundi 2,000 kwa dakika. Hilo silalamikii, injini ni ya baridi na choki inafanya kazi yake. Ila haishuki. Naingia kwenye maegesho mshale bado uko 1,800, na mlinzi kila siku ananiuliza nakimbizwa na nani. Kwenye mteremko nikiachia eksileta gari linajisukuma lenyewe, breki ndizo zinaumia. Mafuta usiseme: zamani lita moja ilinipeleka kilometa 12 hivi, mwezi huu nimepiga hesabu nimepata 8.

Nimeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alilegeza skrubu ya sailensi mpaka ikabaki inaning'inia kwenye nyuzi mbili, mshale haukusogea. Wa pili alishusha kabureta nzima akaiosha kwa petroli. Ilirudi na sailensi ile ile, na sina uhakika kama haikuongezeka kidogo. Wa tatu hakugusa kabureta. Alilegeza distributa, ile inayogawa cheche kwa plagi, akaizungusha huku akisikiliza kwa sikio, ikashuka mpaka 1,500, nikalipa kwa furaha. Kesho yake kupanda Ilboru ikabidi nirudi gia ya kwanza, mahali ambapo babu alipita na gia ya tatu na mikungu ya ndizi nyuma. Nikairudisha distributa mwenyewe kwa kukisia.

Sasa kuna jambo linalonichanganya. Nikienda Moshi kwa shangazi, Kiborloni, nikafika mjini saa nane mchana na kuzungukazunguka pale Mbuyuni kutafuta maegesho, sailensi inashuka yenyewe mpaka 1,100. Sijagusa kitu. Nikirudi Arusha, kesho yake asubuhi ni 1,800 tena. Gari linajuaje kwamba liko Moshi?

ChaliiWaNgarenaro – Jumatatu, saa 3:41 usiku

Limekumbuka nyumbani chalii yangu, si ulisema ni la babu 😂

Serious, mimi naona ni mwinuko. Arusha tuko juu, hewa nyepesi, kabureta inachanganyikiwa. Ikishuka Moshi inapata hewa ya kutosha inatulia. Badilisha jeti, kile kitundu cha kupimia mafuta.

MekuWaRau – Jumatatu, saa 3:58 usiku

Kila kizuri kinatulia kikifika Moshi, hamjui tu.

KisongoHadiUsa – Jumatatu, saa 4:15 usiku

Toa hiyo 2E, weka 4E ya EFI isiyo na kabureta, sahau habari za skrubu. Kabureta ni ugonjwa wa kurithi. Ukishaanza kuigusa huachi.

MamaWawili_Njiro – Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Kaka, kabla hujaingia gharama za kubadilisha injini, angalia kapeti. Sicheki. Starlet yangu ilinisumbua wiki mbili, mafundi wakaniambia kabureta imekufa. Kumbe kapeti jipya nililonunua barabarani lilikuwa limepanda juu ya pedeli ya mafuta. Nilipolitoa kuliosha gari likapona. Angalia na kebo yenyewe, ikikatika nyuzi ndani hairudi vizuri.

MzeeSpana – Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Huyo dada ndiye pekee aliyejibu swali hapo juu.

Kijana, mimi ni fundi, niko Pasua, Moshi, nimestaafu. Nilianza na Peugeot 504 na Land Rover za petroli kabla hizo Corolla hazijafika, na kosa nililoliona mara nyingi kuliko lolote kwenye sailensi ni fundi kushika bisibisi kabla ya kuangalia. Umepita kwa watatu. Wote watatu wamezungusha kitu. Hakuna aliyeuliza injini inapata wapi hewa ya kuzungukia 1,800.

Injini ya petroli haiendi kasi kwa sababu imepewa mafuta mengi tu, inaenda kasi kwa sababu imepewa hewa. Hewa ina njia mbili. Ama kipepeo cha kabureta, kile kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa, kimeshikiliwa wazi na kitu, ama hewa inaingia pembeni bila kupita kwenye kipepeo. Ukijua ni ipi kati ya hizo, nusu ya kazi imekwisha.

Fanya hivi leo jioni, injini ikiwa imezimwa baada ya safari. Toa kifuniko cha chujio la hewa. Tafuta skrubu ya sailensi, ile inayosukuma mkono wa kipepeo. Usiizungushe! Chukua kipande cha karatasi, kipitishe kati ya ncha ya skrubu na mahali inapotakiwa kugusa. Kama karatasi inapita, skrubu haishikilii chochote, kuna kitu kingine kinachozuia kipepeo kufunga. Kama karatasi haipiti, rudi tuzungumze mengine.

Halafu shika kebo ya eksileta pale juu. Inatakiwa icheze kidogo, iwe na ulegevu wa milimita chache. Ikiwa imevutwa kama uzi wa gitaa, umepata mchawi wako.

ChaliiWaNgarenaro – Jumanne, saa 2:10 asubuhi

Mzee na mwinuko je?

MzeeSpana – Jumanne, saa 2:25 asubuhi

Mwinuko upo, nitakujibu baadaye. Ila hewa ikipungua sailensi haipandi.

KorolaYaBabu – Jumanne, saa 2:05 usiku

Mzee wangu shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema.

Kebo inacheza vizuri. Kapeti hakuna, babu aliweka magunia na mimi nimeyaacha. Skrubu: karatasi inapita, tena inapita bila kugusa popote, ningeweza kupitisha kadi ya benki. Fundi wa kwanza alikuwa anazungusha hewani.

Nimeangalia kwa tochi. Mkono wa kipepeo umelalia kitu kama kijigurudumu chenye ngazi ngazi upande wa pili. Nikikisukuma kile kijigurudumu kwa kidole, kipepeo kinafunga. Nikikiachia kinarudi.

MzeeSpana – Jumanne, saa 2:40 usiku

Marahaba. Safi sana, umefanya kazi ambayo watu watatu wamelipwa hawakuifanya.

Hicho chenye ngazi ni kamu ya sailensi ya asubuhi. Injini ikiwa baridi, kamu inakaa kwenye ngazi ya juu na kukishikilia kipepeo wazi kidogo ili injini isizime. Injini ikipata joto, kamu inatakiwa izunguke, mkono ushuke ngazi moja baada ya nyingine, mwisho ulalie skrubu. Sasa nani anaizungusha? Kwenye kabureta ya aina yako kuna kikopo kidogo chenye nta ndani. Maji ya moto ya injini yanapita pale kwa vihozi viwili vyembamba, nta inavimba, inasukuma kijiti, kijiti kinasukuma kamu. Hakuna umeme wala akili, ni nta na maji tu.

Kwako kamu iko huru, inasukumika kwa kidole, kwa hiyo haijakwama kwa uchafu. Maana yake nta haivimbi. Na nta haivimbi kwa sababu mbili, ama imekufa, ama haipati joto. Hilo la Moshi linaniambia haijafa.

Kesho endesha dakika 15, simama, gusa vihozi vile viwili kwa tahadhari. Vyote viwili vinatakiwa viwe vya moto kiasi cha kukutoa mkono. Angalia na mshale wa joto kwenye dashibodi unakaa wapi. Washa hita uniambie inapuliza nini.

KorolaYaBabu – Jumatano, saa 1:15 usiku

Mzee, majibu:

Vihozi vyote viwili ni vuguvugu, kama chai iliyosahaulika. Hita inapuliza upepo wa Mount Meru. Mshale wa joto unakaa chini kabisa, unanyanyuka upana wa kucha. Na mimi miezi yote hii nilikuwa najisifu kwamba gari langu halichemshi!

Na hapo ndipo nilipokumbuka. Mwaka jana tukienda Karatu gari lilichemsha pale Mto wa Mbu, unapoanza kupanda ule ukuta wa bonde. Fundi mmoja wa njiani alitusaidia, akafungua pale juu hozi ya rejeta inapoingia kwenye injini, akatoa kidude cha shaba chenye springi, akanipa mkononi. Akasema hiki kitu hakina kazi nchi zetu. Tukafika Karatu salama, nikamshukuru sana. Kidude bado kiko kwenye dashibodi, mwanangu anachezea.

MzeeSpana – Jumatano, saa 1:22 usiku

Hicho mwanao anachochezea ni themostati. Ndiyo inayozuia maji yasikimbilie rejeta kabla injini haijapata moto. Bila hiyo maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha. Baridi ya Arusha asubuhi, safari ya dakika kumi na tano, injini haijawahi kufika joto lake hata siku moja. Nta inakaa baridi, kamu inakaa juu, gari linadhani ni alfajiri siku nzima.

Moshi kuna joto, umetoka safari ndefu, unatambaa Mbuyuni upepo haupiti kwenye rejeta, maji yanapanda moto, nta inavimba, kamu inashuka. Gari halijui liko Moshi. Linajua maji yamepata moto.

MekuWaRau – Jumatano, saa 1:30 usiku

Nilisema mimi.

KisongoHadiUsa – Jumatano, saa 1:52 usiku

Mzee kwa heshima zote, hapo kwenye themostati nakataa. Hizo ziliwekwa kwa ajili ya nchi za theluji. Mimi magari yangu yote natoa siku ya kwanza na hayachemshi. Ukiirudisha, siku ikikwama umeua silinda hedi.

MzeeSpana – Jumatano, saa 2:30 usiku

Nimelisikia hilo tangu sijaoa.

Ndugu yangu, theluji haihusiki. Themostati za Toyota kama hii nyingi zimeandikwa 82, ni nyuzi 82 za selsiasi. Hakuna mji duniani ambao hewa yake ina nyuzi 82. Dar kuna joto, ni 32. Kwa injini, Dar na Ulaya zote ni baridi. Injini imepimwa ifanye kazi kwenye joto lake yenyewe, pistoni na silinda vimeachiana nafasi kwa kuhesabu joto hilo. Ukiiendesha baridi kila siku, petroli haipati mvuke vizuri, inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, inachuruzika mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Vuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya huyu kijana unuse, nina hakika inanuka mafuta. Ndipo kilometa zake nne kwa kila lita zilipoishia.

Kuhusu kuchemsha: themostati iliyokwama ikiwa imefungwa inachemsha kweli. Dawa yake ni kuweka nzima. Gari likichemsha kwenye mlima kama ule, mara nyingi rejeta imeziba, au feni haiwaki, au kifuniko cha rejeta hakishiki presha. Ukitoa themostati umeondoa kengele, moto bado unawaka. Magari yako hayachemshi kwa sababu unaendesha Kisongo hadi Usa, tambarare. Yapeleke Karatu na mzigo.

KisongoHadiUsa – Jumatano, saa 2:41 usiku

Hapo kwenye dipstiki umenikamata. Oili yangu inanuka petroli kweli, na kiwango kinapanda badala ya kushuka. Nilidhani ni pampu ya mafuta.

MzeeSpana – Jumatano, saa 2:44 usiku

Inaweza kuwa pampu vilevile, dayaframu ikipasuka inamwaga petroli kwenye oili. Angalia zote mbili. Badilisha oili kwanza, usiendeshe hivyo.

MamaWawili_Njiro – Jumatano, saa 3:05 usiku

Huu uzi nauhifadhi. KorolaYaBabu, usifungue rejeta ikiwa moto, tafadhali. Jirani yangu aliungua uso mzima.

KorolaYaBabu – Jumamosi, saa 11:30 jioni

Mrejesho, wakuu.

Nimenunua themostati mpya pale mjini, pamoja na gasketi yake. Ile ya zamani nimemwachia mtoto. Mzee alinitumia ujumbe nisiifunge kabla ya kuipima, kwa hiyo mama watoto amepoteza sufuria moja ya maziwa. Nimeitumbukiza kwenye maji nikaifunga kwa uzi isiguse chini, nikaweka jikoni. Maji yalianza kutoa vipovu vidogo, ikafunguka taratibu kama mdomo wa samaki. Nilipoitoa ikafunga.

Jambo ambalo sikulijua: hapa Arusha maji yanachemka kabla ya 100. Kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi ni kama 95 tu. Ndiyo maana maharage ya huku hayaivi, si kwamba mke wangu hajui kupika (amesoma hapa nyuma yangu, anasema niandike hivyo).

Nimefunga ile springi ikitazama upande wa injini, kile kijipini kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu. Nimejaza kulanti, siyo maji ya bomba, nikawasha injini ikiwa baridi na kifuniko cha rejeta wazi, hita kwenye moto, nikawa naminya hozi ya juu mpaka vipovu vikaisha.

Matokeo: dakika kama nane hivi mshale wa joto umefika katikati, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Hita inapuliza moto. Na sailensi, mbele ya macho yangu, bila kugusa kitu, 2,000… 1,700… 1,400… 1,100.

Imeganda 1,100. Haishuki zaidi. Skrubu bado imelegezwa yote. Na sasa inacheza, 1,000, 1,150, 1,000, kama mtu anayehema.

ChaliiWaNgarenaro – Jumamosi, saa 11:48 jioni

1,100 mbona poa tu, endesha

MzeeSpana – Jumamosi, saa 12:30 jioni

Si poa. Fikiri: kamu imeshuka, skrubu imelegezwa yote, kebo iko huru. Kipepeo kimefunga kabisa. Injini ilitakiwa izime. Haizimi, tena inazunguka 1,100. Sasa ndiyo ile njia ya pili niliyosema, inavuta hewa pembeni. Ulikuwa na magonjwa mawili, la kwanza lilikuwa limelificha la pili.

Gari likiwa kwenye moto wake, nyutro, hendibreki, na gogo chini ya tairi. Chukua plaizi, funga kitambaa kwenye meno yake. Minya hozi za vakyumu, zile zinazovutwa hewa na injini, moja moja, hasa ile nene inayokwenda kwenye busta ya breki. Ukiminya moja na sailensi ikaanguka, hewa inaingilia huko. Kisha hozi ya ile valvu ya kupumulia injini, kisha ile inayokwenda kwenye distributa.

Kama zote hazibadilishi kitu, chukua chupa ya kupulizia, weka maji na sabuni kidogo. Puliza kidogo kidogo pale kabureta inapokalia manifodi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, kisha pale manifodi inaposhikana na silinda hedi. Mahali panapovuta hewa patavuta maji, utasikia injini inajikwaa.

ChaliiWaNgarenaro – Jumamosi, saa 12:41 jioni

Si apulize petroli tu, ndo wanavyofanya kijiweni. Ikipanda raundi umepata.

MzeeSpana – Jumamosi, saa 12:50 jioni

Inafanya kazi, hasa na ile dawa ya kopo ya kuoshea kabureta, na mafundi wengi wanaitumia. Lakini eksozi ni ya moto, na waya wa plagi ukivuja cheche tu imekwisha. Nimezima magari mawili kwa mchanga katika maisha yangu. Hata hayo mawili ni mengi. Aliye nyumbani kwake atumie maji.

KorolaYaBabu – Jumapili, saa 7:10 mchana

Nimempata!

Hozi ya busta, haibadiliki. Ya valvu ya kupumulia, inashuka kidogo sana, nadhani ni kawaida. Ya distributa, hakuna kitu. Nikapuliza maji chini ya kabureta upande wa nyuma, upande ambao mtu haoni mpaka aweke kioo. Injini ikajikwaa ikashuka mpaka 700 ikatingishika, kisha maji yalipoisha ikapanda tena. Nimerudia mara tatu, ni pale pale.

Nimeshusha kabureta. Kile kibao cheusi kilicho kati ya kabureta na manifodi kina gasketi juu na chini. Ya chini ipo. Ya juu haipo! Fundi aliyeosha kabureta alipaka silikoni badala yake. Silikoni yenyewe imelainika imekuwa kama ugali wa jana, vipande vingine vimeingia kwenye tundu. Na nati mbili za nyuma nimezifungua kwa vidole.

MzeeSpana – Jumapili, saa 7:25 mchana

Silikoni ya kawaida haistahimili petroli. Inavimba, inalegea, inakatika vipande, na kipande kikiingia kwenye jeti ya sailensi utakuja kulia tena. Safisha yote kwa ukucha au kijiti cha mti, usitumie kisu, ile ni aluminiamu.

Kabla hujafunga, laza kitako cha kabureta juu ya kioo cha dirisha. Kikiyumba, kimepinda. Bandika msasa laini kwenye kioo, sugua kwa mzunguko mpaka kikae sawa. Kile kibao cheusi kagua kama kina ufa. Nunua gasketi, ukikosa, kata mwenyewe kwa karatasi ya gasketi, siyo boksi la biskuti. Kaza nati kwa mkingamo, kidogo kidogo, mkono mmoja. Anayekaza kwa nguvu zote ndiye anayepinda kitako.

Na ukiwasha itazima. Usishtuke, ndiyo dalili kwamba umeziba. Sasa ndipo bisibisi inapoingia.

KorolaYaBabu – Jumatano, saa 3:00 usiku

Imechukua siku tatu kwa sababu ya kazi na kwa sababu kitako kilikuwa kimepinda kweli, nimesugua kioo cha mama mkwe jioni mbili.

Ilizima kama mzee alivyosema. Nikawasha nikiwa nimeshikilia eksileta mpaka ikapata moto, nikarudisha skrubu taratibu mpaka ikajishikilia yenyewe. Leo mchana nikapita Unga Limited kwa jamaa mwenye taa ya taimingi (ya kuonyesha wakati wa cheche), tukapima ile distributa niliyoikisia. Nilikuwa nimeirudisha nusu ya njia tu. Tumeiweka kwa kufuata kibandiko kilicho chini ya boneti, hozi ya vakyumu ikiwa imechomolewa na kuzibwa. Sailensi ikapanda tena hadi 950. Tukamalizia na skrubu, feni ya rejeta ikiwa imelala na taa zote zimezimwa: 800. Kisha ile skrubu ya mchanganyiko, tukaizungusha huku na huku mpaka mahali ambapo injini inazunguka laini na juu zaidi, tukarudi kwenye sailensi kuipunguza tena.

Ilboru nimepanda na gia ya tatu. Sina ndizi, lakini nimepanda.

Asubuhi inawaka 1,900, nikifika mataa imeshashuka. Mafuta bado sijapima, nitaweka hapa nikimaliza tenki. Mzee wangu, Jumamosi nakuja Kiborloni kwa shangazi, nitapita Pasua, usikatae.

ChaliiWaNgarenaro – Jumatano, saa 3:12 usiku

Hongera kaka. Mzee bado una deni langu la mwinuko.

MzeeSpana – Jumatano, saa 3:40 usiku

Sijasahau. Kabureta inapima mafuta kwa mvuto wa hewa, haijui hewa ni nzito au nyepesi. Arusha uko juu kama mita 1,400, presha ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Hewa imepungua, mafuta hayapungui kwa kiwango hicho hicho, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito: plagi zinakuwa nyeusi, nguvu inapungua, sailensi inaelekea kushuka na kuwa nzito. Gari lililopangwa sailensi Dar likifika Arusha mara nyingi linataka kuzima. Sasa hapo fundi anaongeza skrubu, na likirudi Dar linapiga kelele. Basi anayelalamika sailensi juu baada ya kuteremka, mwinuko unaweza kuhusika. Anayelalamika akiwa juu, atafute kwingine.

Kijana karibu. Njoo na ile themostati ya zamani, nataka kuipima, huenda ni nzima.

KorolaYaBabu – Jumatano, saa 3:46 usiku

Mtoto amekataa kuitoa.

MlimaniPikapu – Ijumaa, saa 2:15 usiku

Wakuu samahani kuingilia, nimesoma uzi wote. Nina Hilux ya kabureta, injini ya 2Y, niko Marangu. Sailensi 1,500. Themostati ipo, mshale wa joto uko katikati. Kabureta haijawahi kushushwa. Imeanza baada ya kuwekewa AC ya mtumba.

MzeeSpana – Ijumaa, saa 2:30 usiku

Waliokufungia AC wameweka kidude cha kupandishia sailensi pembeni ya kabureta, kama uyoga, kina hozi ya vakyumu na kijiti. Kazi yake ni kuongeza sailensi kompresa ikiwaka tu. Zima AC, angalia kijiti kimerudi au bado kinasukuma mkono wa kipepeo. Wengi wanakirekebisha AC ikiwa imewashwa, au wanaunganisha hozi yake moja kwa moja bila kupitia valvu ya umeme, kinabaki kimesukuma masaa yote.

Na ile karatasi, umepitisha?

MlimaniPikapu – Ijumaa, saa 2:52 usiku

Nimetoka na tochi sasa hivi, mvua inanyesha. Inapita.